Msimu wa kwanza wa Washington Nationals, 2005: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikivaa kofia yangu nyekundu yenye W iliyojikunja, ndugu mmoja lazima ataniuliza. Nimeulizwa kwenye harusi Silver Spring, nimeulizwa kwenye kisomo, na hata foleni ya kuchukua pilau ikiendelea. "Hii timu yenu si ilikuwa ya Kanada?" Nimejibu kwa mdomo miaka mingi, sasa nimeona niandike. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikienda Mkwakwani kuwatazama Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, na besiboli nimeijulia ukubwani, hapa Maryland. Kwa hiyo majibu haya ni ya shabiki aliyeupenda mchezo kwa sababu ya msimu mmoja, ule wa 2005.

Timu nzima inahamaje mji? Kwani haina wenyewe?

Wenyewe ni wale wenye hati. Huku Marekani timu ya ligi kuu ni mali ya mtu au kampuni, na hata nafasi yake kwenye ligi ni mali. Hakuna kupanda daraja wala kushuka. Mji ukitaka timu, ama usubiri ligi iongeze timu mpya, ama uchukue ya wengine. Wanaofuatilia soka la Uingereza wanakumbuka Wimbledon ilivyopelekwa Milton Keynes mwaka 2003. Nyumbani, watu wa Mbarali wanajua Ihefu yao ilivyoishia kuwa Singida Black Stars.

Yetu ilikuwa Montreal Expos. Ilianza mwaka 1969, timu ya kwanza ya ligi kuu ya besiboli kuwa na makao nje ya Marekani, na jina lake lilitokana na maonesho ya dunia ya Expo 67 yaliyofanyika mjini humo. Ilicheza misimu 36. Tarehe 29 Septemba 2004 ikatangazwa kwamba inahamia Washington, na usiku huohuo Expos wakacheza mechi yao ya mwisho nyumbani. Walifungwa 9–1 na Florida Marlins, mbele ya watu 31,395 waliokuja kuaga. Habari asubuhi, maziko jioni.

Montreal walikosea wapi?

Mashabiki hawakukosea, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu nimesikia watu hapa Washington wakisema "hawakuwa wakienda uwanjani". Mwaka 1994 Expos walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote za ligi: ushindi 74, kupoteza 40. Tarehe 12 Agosti wachezaji wakaanza mgomo, msimu ukafutwa, fainali zikafutwa. Baada ya hapo wachezaji wazuri wakawa wanaondoka mmoja mmoja. Pedro Martínez, mrushaji wa aina yake, alipelekwa Boston mwishoni mwa 1997.

Mwaka 2001 wenye timu wa ligi walipiga kura ya kufuta timu mbili, na kila mtu alijua Expos ni mojawapo. Mpango ule ulikwama, lakini mwaka 2002 ligi yenyewe ikainunua timu, maana yake mmiliki wa Expos akawa ni wapinzani wao wote kwa pamoja. Misimu ya 2003 na 2004 walitakiwa kucheza mechi 22 za "nyumbani" kila mwaka huko San Juan, Puerto Rico. Mechi ya nyumbani, ng'ambo ya bahari! Msimu wa mwisho tiketi zilizouzwa zilikuwa 749,550 tu, na mimi nauliza: mtu anayeambiwa kila siku kwamba timu yake inakufa, atanunua tiketi ya mwezi ujao kwa imani ipi?

Na Washington, mji mkuu wa nchi, ulikaaje bila timu?

Miaka 33. Na kabla ya hapo ulinyang'anywa mara mbili, ndiyo maana wazee wa hapa hawakuamini mpaka walipouona mpira wenyewe.

Senators wa kwanza walikuwapo tangu 1901. Walikuwa na Walter Johnson, mmoja wa warushaji wakubwa katika historia yote ya mchezo huu, na mwaka 1924 walitwaa ubingwa. Baada ya msimu wa 1960 wakahamishiwa Minnesota. Mji ukapewa Senators wapya mwaka 1961, na hao nao wakapelekwa Texas baada ya 1971.

Katikati ya habari hiyo kuna jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Miaka ya ubaguzi, mchezaji mweusi alipokuwa haruhusiwi kwenye ligi kuu, Homestead Grays walikuwa wakicheza mechi zao nyingi Washington, kwenye uwanja uleule wa Senators, Griffith Stadium. Huko alicheza Josh Gibson, mpigaji ambaye waliomwona hawakumsahau. Mtu akikuambia Washington si mji wa besiboli, mtajie Grays kwanza.

Mechi ya mwisho ya Senators ilichezwa tarehe 30 Septemba 1971, kwenye uwanja wa RFK. Walikuwa wakiongoza Yankees 7–5, raundi ya tisa, amebaki mtu mmoja wa kutolewa ili mechi iishe. Mashabiki wakavamia uwanja. Waling'oa vituo, waling'oa nyasi, kila mtu akitaka kipande cha kitu anachoondokewa nacho. Mechi ikavunjwa na ushindi wakapewa Yankees, 9–0 kwa mujibu wa kanuni. Mrushaji Joe Grzenda aliondoka na mpira mkononi. Mkumbuke mpira huo, utarudi.

Kwa nini hawakurudisha jina la Senators?

Kwa sababu Washington haina seneta. Wakazi wake wanalipa kodi kama Wamarekani wengine, lakini kwenye Seneti hawana mtu, na kwenye Baraza la Wawakilishi wana mjumbe asiyepiga kura za mwisho. Meya wa wakati huo, Anthony Williams, alilipinga jina hilo kwa sababu hiyo, na mimi naona alikuwa sahihi kabisa. Nationals lilikuwa jina lililowahi kutumiwa na timu ya zamani pia. Lilitangazwa Novemba 2004. Ile W iliyojikunja ilichukuliwa kwenye kofia za Senators wa miaka ya sitini.

Ni kweli mpango ulikaribia kufa?

Ulikaribia. Ligi ilitaka jiji lijenge uwanja mpya kwa fedha za umma. Desemba 2004 baraza la jiji, mwenyekiti wake akiwa Linda Cropp, likataka sehemu ya fedha itoke kwa watu binafsi, na ligi ikakasirika. Kwa siku kadhaa hatukuwa na hakika kama kuna timu. Mwisho baraza likapitisha makubaliano kwa kura 7 dhidi ya 6. Tofauti ya kura moja!

Sitawalaumu waliopinga. Uwanja ulikuja kugharimu zaidi ya dola milioni 600, katika mji wenye shule zilizokuwa zikivuja. Nilifurahi kupata timu, na nilielewa mama aliyesimama mbele ya baraza akiuliza kuhusu darasa la mwanawe.

Sijui kanuni za besiboli. Nitaelewa yanayofuata?

Utaelewa. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa gongo, akipiga vizuri anakimbia vituo vitatu mpaka arudi alipoanzia, na hiyo ni pointi. Akiupiga mpira ukavuka ukuta, anazunguka vituo vyote bila kusumbuliwa: hiyo ndiyo homurani. Kila timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe, na hilo linafanyika raundi tisa. Hakuna saa. Msimu una mechi 162, karibu kila siku tangu mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba, kwa hiyo shabiki wa besiboli anaishi na timu yake kama anavyoishi na jirani.

Mechi ya kwanza nyumbani ilikuwaje?

Msimu ulianzia Philadelphia tarehe 4 Aprili, wakafungwa 8–4. Ushindi wa kwanza ulipatikana siku mbili baadaye. Lakini kwa watu wa hapa, mwanzo ni Alhamisi ya tarehe 14 Aprili 2005, saa moja jioni, kwenye uwanja uleule wa RFK, dhidi ya Arizona Diamondbacks, watu 45,596.

Nilipata tiketi kupitia mfanyakazi mwenzangu. Kiti changu kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo wachezaji ni kama punje za mchele. Kabla ya mechi, wachezaji wa zamani wa Senators walisimama kwenye nafasi zao uwanjani, vijana wa Nationals wakaja wakapokea glavu kutoka kwao. Kisha akaja Joe Grzenda. Alikuwa ameuhifadhi ule mpira wa 1971 miaka yote 33. Akamkabidhi Rais George W. Bush, na Rais akaurusha kwa mdakaji Brian Schneider kuanzisha mechi. Karibu yangu alikaa mzee wa Kimarekani na binti yake mtu mzima. Hakupiga makofi. Alikuwa ameshika kofia kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyesimama kaburini, na binti yake akimpapasa mgongo.

Mechi yenyewe ilimwangukia Vinny Castilla, mpigaji wetu. Kuna jambo adimu katika besiboli: mpigaji mmoja, katika mechi moja, kupiga pigo la kituo kimoja, la vituo viwili, la vituo vitatu na homurani. Castilla alikuwa ameshapata matatu yaliyo magumu, amebakiza la kituo kimoja tu, lililo jepesi kuliko yote. Raundi ya nane akasimama kupiga, uwanja mzima umesimama naye. Mrushaji wa Arizona akampiga na mpira mwilini. Kanuni inasema ukipigwa unapewa kituo cha kwanza bure, na nafasi yako ya kupiga imekwisha. Sijawahi kusikia zomeazomea kama ile hata Mkwakwani siku ya Simba.

Liván Hernández, mrushaji wetu Mkuba, alikuwa amewaruhusu Arizona pigo moja tu mpaka mwisho wa raundi ya nane. Raundi ya tisa akachoka, Chad Tracy akapiga homurani ya pointi tatu, na 5–0 ikawa 5–3. Akaingia Chad Cordero kumalizia, akamaliza. Watu walikaa. Taa zilianza kupunguzwa, walinzi wakawa wanatuomba tutoke, na bado watu walikuwa wamekaa wakitazama nyasi.

Watu wanasema uwanja wa RFK ulikuwa mbovu. Unasemaje?

Ulikuwa umechoka, sikatai. Ulifunguliwa 1961, umejengwa kwa ajili ya mpira wa miguu wa Kimarekani na besiboli kwa pamoja, na mwaka 2005 tuligawana na timu ya soka, D.C. United. Njia za ndani zilikuwa na giza, na foleni ya chakula ilikula raundi nzima.

Lakini ulikuwa ukidunda! Sehemu ya viti vya chini, upande wa kituo cha tatu, ilijengwa iweze kusogezwa ili kupisha mchezo mwingine. Watu wakiruka kwa pamoja, jukwaa lote linapanda na kushuka. Mara ya kwanza niliposimama pale nilishika kiti nikidhani kuna tetemeko. Baadaye tukawa tunasubiri: wapinzani wamebakiza mtu mmoja, Cordero ameshika mpira, wageni wanaanza kuruka, wenyeji wanafuata, kinywaji kinamwagika kwenye viatu vya mtu usiyemjua na yeye anacheka.

Juu kabisa kulikuwa na viti vichache vilivyopakwa rangi nyeupe. Vilionyesha mahali zilipofika homurani za Frank Howard, yule jitu la Senators. Ukikaa karibu na kiti kimoja ukatazama chini kwa mpigaji, unaona wazi kwamba binadamu wa kawaida hawezi.

Na ulikuwa mkubwa mno kwa wapigaji wetu. José Guillén alilalamika mpaka watu wakamwona mnung'unikaji. Kibao cha ukutani kilisema futi 380. Ulipopimwa katikati ya msimu, ikaonekana umbali halisi ni karibu futi 395. Guillén alikuwa akisema kweli.

Mlikuwa mkitazama wapi mechi ambazo hamkwenda?

Wengi wetu hatukutazama, tulisikiliza. Mmiliki wa Baltimore Orioles, Peter Angelos, hakutaka timu nyingine maili arobaini kutoka kwake, na ili akubali, ligi ilimpa hisa nyingi katika kituo kipya cha televisheni cha kuonyesha mechi za Nationals. Ikazuka kesi, na nyumba nyingi za hapa hazikupata kituo hicho msimu mzima. Kampuni ya kebo niliyokuwa nikiilipa haikukionyesha, na bili ilikuja tarehe ileile kila mwezi. Hilo liliniuma sana wakati ule.

Sasa nasema afadhali. Nilikuwa nikifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwapo mzee mmoja ambaye utotoni aliwahi kupelekwa Griffith Stadium na baba yake. Alikuwa na redio ndogo ya betri, aliiweka dirishani na antena yake akaielekeza kwenye nguzo ya taa ya barabarani, na haikuruhusiwa kusogezwa hata unchi moja. Charlie Slowes akitangaza, mzee anajaza daftari. Alinifundisha: kila mpigaji ana kijisanduku chake, kila nafasi ya mchezaji uwanjani ina namba, akitolewa kwa kukosa mipira mitatu unaandika K, na akikosa bila hata kutikisa gongo unaiandika hiyo K imegeuzwa nyuma. Alichonga penseli kwa kisu kidogo cha matunda. Mimi nilimwita Mzee, kwa Kiswahili, na nilipomweleza maana yake akaomba wahudumu wote wamwite hivyo.

Timu ikicheza pwani ya magharibi, mechi inaanza saa nne usiku huku kwetu. Ndivyo tulivyosikia ile ya tarehe 14 Juni kule Anaheim. Guillén alikuwa ameachwa na Angels kwa ugomvi na kocha wao mwaka uliotangulia, kwa hiyo moto ulikuwapo tayari. Raundi ya saba Frank Robinson, kocha wetu, akamtaka mwamuzi akague glavu ya mrushaji wa Angels, Brendan Donnelly. Ikakutwa na ulimbo usioruhusiwa, akatolewa. Makocha wakasogeleana pua kwa pua, wachezaji wote wakamiminika uwanjani. Tulikuwa nyuma 3–1. Guillén akapiga homurani ya kusawazisha, tukashinda 6–3. Ilikuwa imepita saa sita usiku, Mzee alipaswa kuwa amelala, na mimi nilipaswa kuwa nimemlaza.

Wachezaji gani unawakumbuka?

Frank Robinson kwanza, ingawa alikuwa kocha. Mwaka 1975, huko Cleveland, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi kuu. Mwaka 2005 alikuwa na umri unaokaribia miaka sabini, mkali, mwenye heshima ya kujengwa, na alikuwa ametoka Montreal na timu hii.

Liván Hernández alirusha raundi zaidi ya 240 na kushinda mechi 15, goti likimuuma. Chad Cordero, kijana mwenye kofia iliyonyooka kama meza, alimalizia na kulinda ushindi wa mechi 47, wa kwanza katika ligi nzima. Brad Wilkerson aliyapata yote yale mapigo manne ambayo Castilla hakuyakamilisha, katika mechi ya pili tu ya msimu, kule Philadelphia. Nick Johnson alikuwa mvumilivu wa kusubiri mpira anaoutaka. Jamey Carroll hakuwa nyota, lakini sikumwona akikimbia nusunusu hata siku moja.

Ni kweli waliongoza kundi lao?

Kweli tupu. Wachambuzi walikuwa wamewaweka mkiani kabla mpira haujarushwa. Juni walishinda mechi 20 na kupoteza sita, na kumi kati ya ushindi huo zilifuatana. Tarehe 3 Julai, msimu ukiwa nusu kamili, walikuwa na ushindi 50 na vipigo 31, wa kwanza katika kundi la mashariki.

Walishindaje? Kwa pointi moja, tena na tena. 3–2, 2–1, 5–4. Mechi za kukata pumzi. Mji ulibadilika mwezi ule: dereva wa basi anakuuliza matokeo, kwenye treni za kwenda Stadium-Armory wabunge wamebanana na mafundi bomba. Mimi mgeni nisiyejua niseme nini na Mmarekani ndani ya lifti, nikawa nina la kusema kila siku. Sijui kama aliyezaliwa hapa anaelewa uzito wa jambo hilo kwa mtu wa kuja.

Kisha?

Kisha wakaporomoka. Mechi za pointi moja walizokuwa wakishinda wakaanza kuzipoteza, Johnson akaumia, goti la Hernández likazidi. Waliishia kuwa timu iliyofunga pointi chache kuliko zote katika ligi, 639, na homurani chache kuliko zote, 117. Guillén aliongoza wenzake kwa 24 tu. Ligi, iliyokuwa bado ndiyo mmiliki, haikuwa tayari kutoa fedha nyingi kwa timu inayoitafutia mnunuzi, na hilo naliona lilichangia: huwezi kupigania ubingwa huku tajiri wako ni washindani wako.

Tarehe 2 Oktoba wakamaliza na ushindi 81 na kupoteza 81. Nusu kwa nusu. Wa mwisho katika kundi la timu tano ambamo hakuna iliyopoteza zaidi ya ilivyoshinda. Mzee akafunga daftari, akaandika 81–81 kwenye jalada na kupiga mstari chini. Akaniambia wastani kama huo, kwa mji usiokuwa na kitu, ni mavuno.

Tiketi zilizouzwa zilikuwa 2,731,993.

Mliwafikiria watu wa Montreal hata kidogo?

Si vya kutosha. Wahenga walisema kufa kufaana, na sisi ndio tuliofaidi. Pale RFK hakukuwa na kumbukumbu za Expos za kuonekana. Namba zilizokuwa zimestaafishwa kwa heshima kule, ya Gary Carter, ya Andre Dawson na Rusty Staub, ya Tim Raines, zilirudishwa kwenye matumizi hapa. Carter alikuwa ameingizwa kwenye Jumba la Heshima mwaka 2003 akiwa na kofia ya Expos! Ni timu ya magongo ya barafu ya Montreal, Canadiens, iliyotundika bango la namba hizo kwenye ukumbi wake Oktoba 2005, na ikampokea hata Youppi, yule kikatuni wa manyoya wa Expos.

Nilielewa uzito wake Septemba, kwenye mechi moja ya katikati ya wiki. Safu ya mbele yangu alikaa bwana mmoja peke yake, amevaa shati la Expos la bluu iliyopauka. Alimshangilia Schneider, Vidro na Wilkerson, wale tu waliotoka kule. Wengine walipopiga alinyamaza. Nilimpa karanga, akashukuru kwa Kifaransa. Alikuwa ameendesha gari siku nzima kuja kuwaona wachezaji wake wakiwa na nguo za watu wengine. Nikafikiria Coastal, bingwa wa mwaka 1988, ikipakiwa kwenye basi na kupelekwa mji mwingine, jezi zake zikabadilishwa rangi, na watu wa huko wakiniambia ni bahati yao. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza timu hii ilianza lini, nasema 1969.

Na wewe, hukuwa shabiki wa Orioles kabla?

Nilikwenda Baltimore mara mbili. Uwanja mzuri sana. Lakini timu hunasa palepale inapokukuta, na mimi ilinikuta RFK.

Mbona ukizungumzia timu hii huyu Zimmerman unamtaja kila mara?

Kwa sababu ni mbegu ya mwaka ule. Ryan Zimmerman alichaguliwa wa nne kati ya vijana wote, timu za ligi zilipogawana wachezaji wapya mwezi Juni 2005, na Septemba akawa tayari anacheza na wakubwa. Katika mechi 20 alipiga kwa wastani wa .397, yaani karibu mapigo manne katika kila nafasi kumi, wakati timu inazama, na tulikuwa tukimtazama kama watu wa kijijini wanavyomtazama kijana anayerudi na cheti. Alibaki. Alikaa nasi miaka ya vipigo mia kwa mwaka, akafungua uwanja mpya mwaka 2008 kwa homurani ya ushindi, na mwaka 2019, Nationals walipofika fainali kwa mara ya kwanza, homurani ya kwanza ya timu katika fainali hiyo aliipiga yeye. Waliwafunga Houston Astros mechi nne kwa tatu, zote nne ugenini. Usiku ule nilitoa daftari la Mzee kabatini. Aliniachia mwaka 2007.

Nataka kwenda kuona mechi. Nianzie wapi?

Uwanja sasa ni Nationals Park. Panda treni ya mstari wa kijani, shuka Navy Yard, fuata watu. Chagua mechi ya katikati ya wiki mwezi wa Mei, tiketi ni nafuu na jua halijawa kali. Kabla ya kuingia tafuta sanamu tatu: Walter Johnson, Josh Gibson na Frank Howard. Ukiwa na watoto, waambie wasimame mbele ya Gibson kwanza, uwapige picha. Beba maji na karanga zako, na penseli mbili, maana moja lazima itavunjika.